Mbuzi wa Mzee Kuno na Mlango wa Korongo

Roba Tadicha alikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi mjini Isiolo, na kwa miaka sita alikuwa akitafsiri brauza, programu ya kufungulia intaneti, iitwayo Korongo kwa Kiborana. Hakulipwa, wala hakuna aliyemtuma. Korongo ilitengenezwa na shirika la ng'ambo lisilotafuta faida, na kwenye ukurasa wake wa kwanza shirika hilo lilikuwa limeandika kwamba intaneti ni ya watu wote, na kwamba anachosoma mtu kwenye simu yake hakimhusu mwingine. Roba aliyapenda maneno hayo kama mtu anavyopenda mchumba. Nasteha, mkewe, alikuwa na mazoea ya kuwaambia wageni kwamba kati yake na Korongo bado haijaamuliwa nani mke mkubwa.

Basi mwaka huo Roba alikasirika. Ilijulikana tangu zamani kwamba shirika la Korongo lilipata karibu fedha zake zote kutoka kwa kampuni moja kubwa ya utafutaji. Kampuni ililipa ili mtu yeyote akiandika neno ndani ya Korongo apelekwe kwao kwanza. Na kampuni hiyohiyo ilikula kwa kufuata watu mtandaoni, kujua wanapenda nini na wanaogopa nini. Roba alilijua jambo hilo kwa miaka sita. Lakini sasa mkataba ulikuwa umetiwa sahihi upya, naye alikuwa ametimiza miaka arobaini, umri ambao mwanamume huanza kutafuta kitu cha kukitetea hadharani.

Aliandika barua ya kurasa nne. Aliwasomea wanafunzi wake, ambao walikuwa wakingoja kengele. Alimsomea Nasteha, ambaye alilala ukurasa wa pili. Kisha akaituma kwa shirika, na kwa mshangao wake shirika likamjibu kwamba watafanya mkutano wa wafasiri wa dunia nzima mtandaoni, na kwamba amepewa dakika tano azungumze.

Siku ya mkutano mtandao wa chuo ulikuwa umekufa, kwa hiyo alienda saiba ya Makandi, duka la intaneti karibu na stendi. Makandi alikuwa mama wa Kimeru mwenye maneno machache, na watu walimwita Mama Mutea kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Ukuta wake wote wa nje ulipakwa rangi na kampuni moja ya simu, na jina la kampuni likaandikwa kwa herufi zenye urefu wa mtu.

"Mama Mutea," Roba alisema akifungua kompyuta, "bado nasema huu ukuta ni aibu. Umeuza uso wa nyumba yako."

"Mwalimu, ulikuwa unatoka unga wa chokaa. Watu walikuwa wanaegemea wanaenda nyumbani weupe kama mandazi." Akamsogezea kiti. "Na hii meza nimekupatia leo bila kulipa, unafikiri inalipiwa na nini?"

Roba alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeamua kutosikia, akavaa vipokea sauti.

Watu sitini walikuwa kwenye mkutano, kila mmoja ndani ya kisanduku chake. Mkurugenzi wa shirika alikuwa mama mmoja mpole mwenye mvi, aliyesikiliza akiwa ameegemeza kidevu mkononi. Roba alisema vizuri, hilo hata Makandi alikubali baadaye. Alisema boma lina mlango mmoja, na mwenye boma akimuuzia fisi mlango, hata kama ndani kila ng'ombe yuko salama leo, boma si lake tena. Alisema huwezi kuwaambia watu kwamba unawalinda na wafuataji huku mfuataji mkubwa ndiye anayekulipa mshahara. Visanduku kadhaa vilipiga makofi yasiyosikika.

"Asante," mkurugenzi alisema. "Hili swali tunaulizana kila mwaka. Fedha zile zinalipa wahandisi wanaotengeneza hizo kinga ulizotafsiri. Mtu akitaka kubadilisha njia ya kutafutia anaweza, kwa kubonyeza mara mbili. Lakini nakubali kwamba wengi hawabonyezi, na kampuni inalipa kwa sababu inajua hawabonyezi. Sasa niambie, ndugu Roba. Wewe ungefanya nini?"

Hapo ndipo Roba alipogundua kwamba katika kurasa zake nne hakukuwa na mstari hata mmoja wa la kufanya.

"Watumiaji wachangie," akasema, kwa sababu watu sitini walikuwa wakimtazama. "Wanaotumia ndio walipie. Hawatakuwa na masharti."

"Wazo zuri," mkurugenzi akasema. "Ungeweza kutujaribia huko kwenu? Miezi mitatu, kisha utuandikie ulichokiona."

Ulimi hauna mfupa. Roba akasema ndiyo.

Alianza siku iliyofuata akiwa na daftari jipya na shati la kupigwa pasi. Katika ofisi za serikali karani mmoja alimsikiliza kwa adabu, akauliza Korongo ni nini, akaambiwa ni ile kitu unafungua ili uingie intaneti, akasema alidhani intaneti yenyewe ndiyo ile. Walimu wenzake walisema watafikiria. Ntongai, muuza miraa aliyemfahamu tangu shule, alisikiliza mpaka mwisho huku akifunga vifurushi vyake kwa majani ya mgomba.

"Kwa hivyo sasa ni ya bure," Ntongai alisema.

"Ni ya bure."

"Na unataka nilipe."

"Ndiyo. Ili ibaki ya bure."

Ntongai alimtazama kwa huruma, akampa kifurushi kimoja cha miraa kuwa mchango wake. Roba hatafuni miraa. Aliiandika kwenye daftari hata hivyo.

Wiki ya tatu alienda soko la mifugo akiwa amekwisha kukata tamaa. Alikuwa na maneno ya kusema kwa lugha ya nyumbani, akayasema kwa sauti ya mtu anayeuza asichotarajia kuuza. Akasikia mtu nyuma yake anauliza, "Ni wewe uliandika *faana*?"

Alikuwa mzee mrefu mwenye kilemba chekundu, Kuno, mfugaji wa ngamia kutoka Sericho, na kando yake mjukuu wake Abiba, msichana wa sekondari, ameshika simu. Roba alikumbuka neno hilo vizuri. Kwenye sehemu ile ya kuzuia kampuni zisimfuate mtu mtandaoni, alikuwa ametafuta neno siku kumi na moja, hatimaye akaandika faana, yaani nyayo za mnyama ambazo mtu huzifuata mchangani.

"Ni mimi, mzee."

"Huyu mtoto alinisomea. Simu inaniuliza kama nataka watu wasifuate faana yangu." Mzee alitingisha kichwa polepole. "Maisha yangu yote, mtu anafuata nyayo za ngamia wangu ni mwizi, ama ni mimi. Hakuna wa tatu. Nikasema huyu mwandishi ni mtu anajua kitu."

Roba hakuwahi kusifiwa hivyo kwa miaka sita. Alieleza habari ya mchango, na mzee hakumaliza kusikiliza. Alienda akarudi na mbuzi jike mwekundu, mwenye kiwele kilichojaa.

"Huyu ni wa Korongo," alisema, akamkabidhi kamba.

Roba alianza kushukuru kwa Kiborana na kwa Kiswahili na kwa Kiarabu. Mzee akainua mkono.

"Kitu kimoja tu, kidogo. Mtu akiandika ngamia kwa hiyo Korongo, aanze na mimi. Kuno wa Sericho. Halafu ndio wengine."

Abiba akatazama pembeni. Roba alisimama na kamba mkononi katikati ya vumbi na mlio wa kondoo, akaelewa kabisa alichoombwa. Alielewa kwamba hilo ndilo lile lile ambalo kampuni ililipia. Mdomo ulifunguka useme hapana. Lakini mzee mgeni alikuwa amempa mbuzi mbele za watu, kwa sababu ya neno lake, na kwa Waborana mkono unaotoa haurudishwi ukiwa bado umenyooka.

"Tutaliangalia, mzee," Roba akasema.

Alikuwa ameyasoma maneno hayo katika kila jibu ambalo shirika liliwahi kumwandikia, na kila mara aliyadharau.

Mbuzi alifungwa uani. Mpango ulikuwa auzwe wiki hiyo na fedha zitumwe, lakini aliposoma kanuni za shirika Roba aliona kwamba mchango wenye sharti lazima uandikwe pamoja na sharti lake. Akasema atalifikiria Jumatatu. Nasteha, ambaye hakungoja Jumatatu ya mtu, alimkamua mbuzi asubuhi. Maziwa yalikuwa mazito. Chai ya nyumba hiyo, ambayo kwa miezi ilikuwa ya maziwa ya pakiti, ikabadilika rangi na majirani wakaanza kupita kusalimia wakati wa chai. Wiki moja ikaisha, na ya pili. Mwishoni mwa mwezi Roba alijikuta amekaa na kikombe cha tatu akimweleza mgeni jinsi shirika la Korongo lilivyozoea fedha za kampuni hata haliwezi kuishi bila hizo.

"Nikuongezee?" Nasteha aliuliza.

Roba akatazama kikombe. Alikiweka chini, kisha akakichukua tena kwa sababu ilikuwa dhambi kumwaga.

"Nasteha, nimekuwa shirika," alisema.

"Shirika lina mkurugenzi mwenye mvi. Wewe una upara."

Soko lililofuata, Mzee Kuno alikuja nyumbani na Abiba. Walipewa chai, na mzee akaionja, akasema maziwa anayajua. Kisha akasema bila hasira, "Abiba ameandika ngamia. Ametafuta mpaka chini. Mimi siko."

Roba alikuwa ametunga majibu matatu ya kistaarabu. Aliyaacha yote. Alimwambia mzee ukweli wote: kwamba hana uwezo wa kumweka mtu wa kwanza, na hata angekuwa nao asingefanya hivyo, kwa sababu mtu anayetafuta ngamia angedhani Kuno ametangulia kwa ubora wa ngamia wake, kumbe ametangulia kwa mbuzi. Akamwambia kwamba alijua hayo tangu sokoni, na alinyamaza kwa aibu, halafu akanyamaza kwa chai.

Mzee alikunja uso.

"Kwani ngamia wangu si wazuri?" aliuliza.

"Wanaweza kuwa wazuri kabisa, mzee. Lakini mtu hatajua ni hao ama ni mbuzi."

"Hapo umesema." Mzee alisugua goti. "Mtu akisifu ngamia wangu nataka asifu ngamia."

Roba alitaka kumrudishia mbuzi siku hiyo hiyo. Nasteha alitoka nje ghafla kana kwamba sufuria imemwita. Mzee alikataa. Alisema mbuzi aliyekwisha kukamuliwa na mama wa nyumba harudi Sericho, atawaambia nini wengine. Ila alitaka bado watu wa mjini wajue jina lake, na hakuona ubaya wake. Roba naye, akilitafakari, hakuuona. Ubaya ulikuwa katika kuficha kwamba mtu amelipa.

Kesho yake akaenda kwa Makandi kuomba nafasi ukutani. Makandi alimsikiliza akiwa amekunja mikono.

"Ukuta ule wa aibu?"

"Ndiyo, Mama Mutea."

"Ule uso wa nyumba niliuza?"

"Huo huo."

Alimwacha asimame hapo kiasi cha kutosha, kisha akampa nafasi ndani, kando ya dirisha. Wakabandika karatasi: *Tangazo. Mzee Kuno wa Sericho anauza ngamia. Ametoa mbuzi ili liwekwe hapa.* Mstari wa mwisho ulikuwa wa Roba, na ndio uliowafanya watu wasimame kusoma. Katika siku tano mzee alipigiwa simu na watu tisa, wanne kati yao wakiuliza kama ana mbuzi wengine.

Mbuzi alinunuliwa na Nasteha kwa fedha za duka lake dogo, maana Roba alisisitiza mchango ufike. Ripoti yake kwa shirika ilikuwa ukurasa mmoja. Aliandika kwamba amekusanya mbuzi mmoja na miraa ambayo ilikuwa imekauka. Aliandika kwamba alikosea kusema watumiaji hawana masharti. Bado aliona kwamba mlipaji mmoja ni hatari, kwa sababu alijionea mwenyewe jinsi chai inavyofunga mdomo, naye alikuwa amenunuliwa kwa bei nafuu sana. Watafute walipaji wengi, hata wadogo. Na kila mwaka wawaambie watu waziwazi, pale pale juu ya kisanduku cha kutafutia, nani amelipa na ameomba nini.

Mkurugenzi alijibu mwenyewe. Alisema la mwisho watalipeleka mbele ya bodi, ingawa bodi haitalipenda, na pengine kampuni pia. Lile la walipaji wengi walikuwa wanalijaribu kwa kuweka kitufe kipya cha kuchangia, na kitahitaji tafsiri.

Roba alikaa na kitufe hicho alasiri nzima ya Jumamosi. Kila neno alilopata lilinuka kuomba. Hatimaye akamwomba neno Nasteha, ambaye alikuwa anachambua dengu, naye akamjibu kwa swali.

"Mtu akiishiwa mifugo kwa ukame, ukoo unamfanyia nini?"

"Busa gonofa. Kila mtu analeta mnyama mpaka asimame tena."

"Basi andika hiyo," Nasteha alisema. "Hakuna mtu anaona haya kupeleka."

Akaandika. Lilikuwa neno sahihi, hata yeye aliona. Lakini kitufe kilikuwa na nafasi ya herufi nane, na busa gonofa ilitoka nje ya ukingo, gonofa ikaning'inia peke yake kwenye eneo jeupe. Roba akafungua ukurasa mpya na kuanza kuwaandikia kwamba wapanue kitufe. Alipofika aya ya tatu Nasteha akamwuliza barua hiyo itakuwa kurasa ngapi, naye akarudi juu, akafuta zote isipokuwa sentensi moja.