Bustani ya Kuzunguka Moshi

Jumamosi moja ya Februari mwaka wa 2004, Otiende aligeuza ndoo kifudifudi nyuma ya nyumba yake mpya ya Kitengela, akaikalia, akaanza kuchora bustani kwenye karatasi ya miraba aliyoinyofoa katika daftari la hesabu la binti yake Shirleen. Alikuwa karani wa stoo huko Athi River, na alipenda kila kitu kijue mahali pake. Osuga, yaani mnavu, ikae karibu na tangi, ipate maji yanayomwagika. Apoth, yaani mlenda, katikati. Sukuma wiki kando ya ua, wapita njia waione. Alitaka mvua ya Machi imkute vigingi vimesimama na kamba zimenyooka.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, moshi ulitoka ardhini palipochorwa apoth. Moto haukuwapo. Moshi ulipanda mwembamba kutoka kwenye ule udongo mweusi uliopasukapasuka, ukanukia oloirien, mti ambao Wamaasai hufukizia vibuyu vya maziwa. Baada ya nusu saa ulikoma. Otiende alifuta apoth kwa raba, akaisogeza kwa sukuma.

Jumatatu ulitoka palepale. Alichimba, akakuta mafiga matatu yenye masizi, ya moto kana kwamba sufuria imeepuliwa sasa hivi. Akayatupa nje ya ua. Jumanne alichimba tena, akayakuta yamerudi yalivyokuwa.

Alimwita jirani yake Kiragu, bwana shamba mstaafu. Kiragu aliupisha mkono katika moshi, akanusa kiganja.

"Hii moshi huwezi toa na jembe," alisema. "Acha mita moja kila upande. Na dhania ikae mbali, hiyo inashika harufu haraka." Kisha akaenda kukama.

Achola, mkewe Otiende, aliuliza swali moja tu. "Baba Shirleen, ni nani alikuwa anaishi hapa?"

"Hakuna mtu. Ilikuwa tu malisho."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Otiende haikufika hata langoni. Mwaka uliotangulia alikuja mara tatu kukagua kiwanja hicho, na mara zote tatu alinywa chai katika nyumba ya Naipanoi, mke wa Sankale aliyekuwa akiuza. Alikaa kando ya mafiga hayohayo, akaongezwa sukari. Siku ya kwenda mbele ya bodi ya ardhi, ambako mke wa muuzaji lazima aulizwe kama amekubali, Sankale alifika na mwanamke mwingine. Wazee wa bodi, wasiomjua Naipanoi, waliuliza, na mwanamke yule akakubali kwa sauti nzuri kabisa. Wakamgeukia mnunuzi. Huyu ndiye mke wa Sankale? Otiende aliangalia viatu vyake, akasema ndiye. Aliona haya siku ile, lakini haya hazikumzuia kutia sahihi.

Alhamisi asubuhi Naipanoi alipiga hodi. Siku hizi alikuwa akiishi kwa kaka yake huko Isinya, kwani nyumba yake ilivunjwa siku aliyokwenda sokoni. Alikuwa na sufuria, kibuyu cha maziwa na vikombe vitatu vya bati.

"Supa," alisalimia.

"Ipa," Otiende akajibu.

Naipanoi aliruka kamba, akateleka sufuria juu ya moshi. Chai ilipochemka alimimina, akampa Otiende kwanza. "Wewe unapendanga sukari mingi," alisema. "Nakumbuka."

Achola alishika kikombe chake bila kukinywa. "Mama, wewe ni nani?"

"Mimi ni bibi ya Sankale. Hii ni jiko yangu."

Achola akamtazama mumewe. "Si uliniambia bibi yake alikubali?"

"Kuna mwanamke alikubali," alisema Otiende.

Masikio yalimwaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na ilikuwa imepasuka tayari, ila nyufa zake hazikumtosha. Alijua la kufanya. Hati ya kiwanja ilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, hatua ishirini tu kutoka pale aliposimama. Alihesabu hatua hizo kichwani mara mbili, kisha akanywa chai yake mpaka mwisho. Ilikuwa tamu, na aibu ya utamu huo ikamkaa kifuani.

Naipanoi alipoondoka, Achola alichukua penseli, akachora njia kutoka langoni mpaka kwenye moshi, na juu ya moshi akaandika jina la mwenye jiko.

"Hapa hatupandi kitu," alisema. "Asikanyage mboga."



Mvua ilinyesha, osuga ikastawi, na Kiragu alisifu mpango mzima, hasa ile njia. Hati bado imo sandukuni, na jina lililomo ni la Otiende. Naipanoi huja kila asubuhi na sufuria yake. Hupiga hodi, kwa kuwa lango lina kufuli, naye Otiende hutoka na ufunguo akiwa ameinamisha kichwa. Humfungulia. Na Naipanoi, aliyelelewa vizuri na wazazi wake, humwambia "Ashe," yaani asante, kabla ya kuingia jikoni kwake.