Shefu Mwenye Salamu

Kwa miaka minne nilitafsiri filamu za Kichina katika cité ya Musonoi, mtaa wa wachimba madini huko Katanga, na Kichina sikijui. Maneno yote ya Kichina ninayoyajua yangeenea katika kisoda cha bia, na kisoda kingebaki kitupu. Lakini tata Monga, mzee mwenye nyumba ya video, hakutafuta msomi. Alitafuta mtu asiyenyamaza, na majirani wote wakamwelekeza kwangu.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vilivyobomolewa ukuta wa katikati, mabenchi, televisheni juu ya meza, na jenereta ikinguruma nyuma. Watu walikuja kutazama Wachina wakipigana, ila walitaka kujua wanagombea nini. Kazi yangu ilikuwa kuwaambia. Wiki ya kwanza nilikaa mbele na kipaza sauti, lakini kila ngumi ilipopigwa kwenye filamu na mimi nilipiga yangu hewani, mpaka wateja wakawa wananitazama mimi. Tata Monga akasema wamelipia filamu moja tu, akaniweka nyuma ya pazia. Basi wateja, ambao wengi walitoka mbali, mjini Kolwezi na kwenye kambi za wafanyakazi, walijua sauti yangu na hawakujua sura yangu. Waliniita Komantatere, yaani mtangazaji. Nje ya pale nilikuwa Mpoyi tu, mtoto wa mama Ntumba, na hakuna aliyenigeukia njiani.

Shida yangu ilikuwa sauti ya mwovu. Kila filamu ina mwovu wake, na mimi nilijaribu kumpa sauti nzito, nikaishia kukohoa. Mchana mmoja alitokea kwenye filamu shefu, mkuu wa majambazi, mwenye masharubu marefu, ameingia kijijini na wapanda farasi wake. Akashuka, akawatazama maskini atakaowachinja, akafungua mdomo, na mimi sikuwa na neno. Ndipo likanitoka la nyumbani. Nilisema kwa sauti ya mama yangu: "Moyo wenu."

Hiyo ni salamu ya Kasai. Mama aliletwa kutoka huko kuolewa na marehemu baba, naye wa Kasai, aliyekuwa mfanyakazi wa mgodi, na tangu siku hiyo alimsalimia kila mtu hivyo, awe wa Kasai au asiwe. Kiswahili chake hakikuwahi kutulia. Alikiimba, akivuta neno la mwisho kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Hakuweza kumpita mtu bila kumsalimia, kumwuliza kama watoto wamelala vizuri, kumwombea kwa Mungu. Sasa fikiria muuaji mwenye upanga anasimama mbele ya kijiji anachotaka kukichoma, anauliza kama watoto wamelala vizuri. Watu walianguka chini kwa kicheko. Mwingine alijikojolea, na akajivunia.

Tangu siku hiyo waovu wote wakawa watu wa Kasai. Mchina, Mmarekani, mwanajeshi wa msituni, hata papa mmoja wa baharini, wote walianza na "Moyo wenu", kisha kikohozi kidogo, kisha damu. Mashujaa niliwapa Kiswahili safi cha Musonoi. Tata Monga aliongeza mabenchi. Mama hakukanyaga pale hata siku moja, lakini alimwambia padri na wanawake wote wa sokoni: "Muan'anyi anasemaka Chinois," yaani mwanangu anasema Kichina. Nami sikumsahihisha. Mtu anayesifiwa na mama yake akaleta marekebisho, huyo ana kasoro kichwani.

Kisha katekista Mukuna akaitisha mkutano kwenye ukumbi wa parokia. Alikuwa mtu mwema, wa kutoka kaskazini ya Katanga, na alikuwa na hoja moja: filamu za kupigana zinawafundisha vijana ukatili. Watoto wanarushiana mateke njiani, alisema, na kinachoingia kwa jicho hutokea kwa mkono. Mishahara ya mgodini ilikuwa imeanza kuchelewa, na redio ilikuwa imeanza kuwagawa watu kati ya waliokuja, kama sisi wa Kasai, na waliokuwepo, lakini mkutano haukuwa wa hayo. Ulikuwa wa filamu.

Nilisimama nimevaa tai ya kuazima. Nikasema nimeona damu nyingi kuliko daktari wa upasuaji, na bado mama akichinja kuku mimi hujificha nyuma ya nyumba. Ikiwa filamu zinaleta ukatili, mbona mimi sijawahi hata kumpiga mbwa? Watu wakacheka. Mukuna akauliza kama ni kweli kuna Shefu anayesalimia, nikamfanyia pale pale, na kikohozi chake. Padri akafuta miwani. Mukuna mwenyewe alicheka mpaka akakaa, na kesi ikafa. Tulijadili picha jioni nzima. Sauti haikuulizwa na mtu, wala na mimi. Nilirudi nyumbani napiga mluzi, mshindi.

Mwaka wa tisini na tatu maneno ya redioni yalishuka barabarani. Wageni warudi kwao, walisema. Kwetu mimi ni Musonoi. Kasai niliijua kwa hadithi za mama tu, na katika hadithi hizo kulikuwa na mihogo mizuri mno kuwa ya kweli. Lakini nyumba za watu wetu zilianza kuporwa, moja baada ya nyingine, na wenyewe wakaenda kulala stesheni kusubiri treni.

Jirani yetu Tshimanga, karani, alifika kwetu na kichwa kimefungwa kitambaa. Tulimzunguka uani akatusimulia vijana walivyoingia kwake. "Habakuvunja mulango mara moja," alisema. "Balipiga hodi. Mumoja akasema 'Moyo wenu'. Mi nikawaza ni ndugu, njo nikafungula."

Tuliinamisha macho, mimi kuliko wote. Nikajiambia kwamba salamu hiyo inajulikana na kila mtu mjini. Lakini Tshimanga aliigiza namna ilivyosemwa, na ndani yake kulikuwa na kikohozi. Mama hakohoi akisalimia. Kikohozi kile kilikuwa changu, cha vumbi la pazia la tata Monga.

Sisemi mimi ndiye niliyewafukuza watu Katanga. Hata kujidai kuna mipaka, na walikuwepo wakubwa wenye vipaza sauti vikubwa kuliko changu. Ila changu nacho kilikuwepo, na kilikuwa kikifanya kazi kila siku.

Tukaamua kuondoka. Njia ya stesheni ilipita kwenye kizuizi cha vijana, na pale, siku moja kabla yetu, fundi seremala Kabeya alisema yeye ni Mkatanga, akasikika si Mkatanga, akapigwa, hakuinuka tena. Mimi nilisikika Mkatanga bila taabu. Hofu yangu ilikuwa mama. Nikamwambia tutasema anaumwa koo na hawezi kuzungumza.

"Nipite mbele ya batoto ya benzangu bila kusalimia?" aliuliza. "Bataniona namna gani?"

"Bataona uko mugonjwa, mama."

Alikubali kama mtu anavyomkubalia mlevi.

Kizuizi kilikuwa gogo na matairi mawili. Aliyekiongoza, wenzake walimwita Banza, alikuwa amefunga kitambaa chekundu kichwani na ameshika panga. Nilimtambua mara moja kwa maana nilimchungulia miaka yote kupitia tundu la pazia: benchi la mbele, kila Jumamosi. Yeye alitazama baiskeli yetu iliyobeba godoro na masufuria, na furushi nililokuwa nimelibeba kichwani.

"Munaenda wapi?"

"Ku Lubudi," nilijibu kwa kisauti ambacho hakikuwa changu. "Kuko kilio kwa ndugu."

"Na ule mama?"

"Ni mama yangu. Iko mugonjwa ya mu shingo, haweze kusema."

Banza akainua mkono tupite. Naapa alikuwa ameuinua. Lakini mama alikuwa amekwisha kuwaona watoto wa watu wamesimama juani, na mmoja wao ana kidonda mguuni, na aibu ya kuwapita kimya ikamshinda. Akasimama, akakunja magoti kidogo kama inavyopasa.

"Moyo wenu, batoto," alisema.

Kisha yule mwenye kidonda akasema, "Shefu," na wote wakapasuka. Mama akatabasamu, maana aliona salamu imepokelewa. Akawauliza kama wamelala vizuri, kama wamekula, nani anamwosha huyu kidonda. Kila neno lilizidisha kicheko, kwa sababu yalikuwa maneno yale yale, kwa mpango ule ule, wanaoujua kwa moyo. Ndipo Banza akaacha kucheka.

"Kumbe ni Bakasai," alisema. Akanigeukia na panga. "Na we ulisema haweze kusema."

Ningependa kukuambia niliruka. Nilikuwa nimetazama mashujaa mia tatu, nikajua kila teke na jina lake nililolitunga mimi mwenyewe. Magoti yangu, nadhani hayakuwa yakitazama. Yalikunjika, nikajikuta vumbini, furushi kando, na kiungo pekee kilichobaki kinafanya kazi kilikuwa mdomo. Nikaufungua.

"Moyo wenu, batu ya hii mugini," ulisema kwa sauti ya mama. "Muko bazima bote? Batoto balilala muzuri?" Na ukakohoa.

"Komantatere," akasema mwenye kidonda. "Ni ye. Sikia kikohozi."

Wakanizunguka kama watu waliompata ndugu aliyepotea. Wakataka filamu, na si yote, mwisho wake tu, pale Shefu anapouawa. Banza akasimama juu yangu, miguu ameipanua. "Mi njo mwenye kushinda," alisema, akijipa nafasi ya shujaa. "Endelea."

Nikaendelea. Nilimsemea shujaa kwa Kiswahili safi, nikamsemea Shefu kwa sauti ya mwanamke aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu ameshika baiskeli. Nilimfanya Shefu ajigambe, nikamfanya aogope, nikamfanya aombe msamaha akiitaja Kasai yake. Vijana walipiga makofi. Sikumtazama mama. Panga likapanda juu kwa mikono miwili, kama inavyofanywa, na likangoja. Lilingoja neno langu, kwa sababu katika nyumba ile hakuna aliyewahi kufa kabla sijasema.

Nilitafuta neno jingine. Zilikuwepo siku ambazo mafuta ya jenereta yaliisha kabla ya filamu, na mimi nilimalizia gizani kwa uongo, wateja wakanipigia miluzi na kunirushia maganda ya karanga. Uongo huo ndio uliokuja.

"Enda, Shefu," nilisema kwa sauti ya shujaa. "Leo sikuue. Tutaonana mu parti ya pili."

Kisha mmoja akapiga mluzi. "Mafuta imeisha," alisema mwingine, na wakaanza kucheka, na Banza akashusha panga akiwa na uso wa mteja aliyeibiwa. Alichukua baiskeli na vyote vilivyokuwa juu yake, akanipiga teke moja la mbavu, teke zuri, nililolisimulia mara nyingi bila kujua linauma hivyo. Tukapita na furushi letu.

Kwa hiyo filamu ilimfundisha kuinua panga, na filamu ikamfundisha kulishusha. Katekista Mukuna angekuwepo ningemshinda tena. Nilitembea nimeshika mbavu, na bado kichwani natunga hotuba. Hivyo ndivyo nilivyo.

Stesheni watu walikuwa wamelala kila mahali, katikati ya masufuria na watoto. Mama alikaa juu ya furushi. Jua likahama upande.

"Ile sauti," alisema, "ni yangu."

"Njo, mama," nilikiri.

"Ule mutu ya mu filme anafanyaka nini?"

"Anachomaka manyumba. Anauaka batu."

"Na kisha?"

"Banamuuaka."

"Kila siku?"

"Kila siku. Siku ya Mungu mara mbili."

Alifunga kitenge chake upya, taratibu. "Na batu banachekaka?"

Nilitafuta uongo. Mimi niliyedanganya kwa Kichina miaka minne sikuupata hata mmoja, kwa lugha yoyote. "Banachekaka, mama," nilisema.

Hakunigombeza. Afadhali angenipiga kofi mbele ya watu wote wale. Niliona aibu iliyonifanya nitamani treni ije, na nitamani isije, kwa sababu ndani ya treni tungekaa uso kwa uso.

Mwanamke mmoja akaja na mtoto mgongoni, naye wa kwetu, amefukuzwa kutoka Lubudi. Akatafuta nafasi karibu na furushi letu, akaweka ndoo yake chini, akamsalimia mama kwa salamu yetu: "Moyo webe, mamu."

Mama akafungua mdomo kumjibu. Kabla hajatoa neno alinigeukia, akanitazama usoni, kama mtu anayeuliza kama bado inaruhusiwa. Kisha akamgeukia yule mwanamke.

"Bonjour, madame," alisema.