Elfu Mia Moja na Kumi

Mkono wa Kiilu ulikuwa bado umeshika waya nilipozima mashine. Vidole nilivibandua kimoja kimoja. Nje, mvua ya kwanza baada ya miaka miwili ya ukame ilikuwa ikimwagika juu ya Kibwezi, na wanawake wa kukata mkonge walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikimwita shemeji yangu kwa jina, naye haitiki.

Miezi minne kabla, Julai ya 1935, fundi mkuu wa kiwanda cha mkonge alikuwa amenifundisha hesabu za umeme. Volti gawa kwa ampea, unapata ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyoukatalia umeme njia. Volti zidisha kwa ampea, unapata nguvu, kwa wati. Mimi mtu wa darasa la nne la misheni, nikaota pembe. Nilipima taa, nikapima waya, mwishowe nikampima Kiilu, mume wa dada yangu Kavata. Alisimama peku kwenye sakafu ya udongo mkavu, akashika waya wa dainamo kwa mkono mmoja. Volti mia moja na kumi. Mshale wa mita ukaonyesha sehemu moja ya elfu ya ampea. Kiilu akacheka, akasema anatekenywa.

"Elfu mia moja na kumi!" nikatangaza ukinzani wake. "Nguvu haifiki hata wati moja. Huyu, umeme haumwezi."

Wafanyakazi wakamwita hivyo hivyo, Elfu Mia, naye akalipenda jina. Tangu siku hiyo, waya ukilegea, aliukaza bila mashine kuzimwa.

Siku ya mvua alitoka nje kama wengi. Mama yake, Mbinya, aliwalea watoto wake hivi: mvua ya kwanza haifutwi mwilini, huachwa ikauke yenyewe, maana kuifuta ni kuifukuza. Basi alirudi ndani akichuruzika, akinicheka kwa kuwa niliikimbia mvua. Wingu lilikuwa limeleta giza, na taa zikaanza kupepesa juu ya watu waliokuwa wakilisha mkonge kwenye mashine kwa mikono.

"Waya umelegea," Kiilu akasema. "Nizime, shemeji?"

"Uache hawa watu gizani wakatwe vidole? Si wewe ni Elfu Mia? Shika tu."

Akashika.

Baada ya mazishi nilifungua kitabu cha fundi. Kilisema mtu aliyelowa, ukinzani wake huweza kushuka hadi elfu moja na mia moja. Nikagawa volti kwa ukinzani huo: sehemu moja ya kumi ya ampea. Nikazidisha: wati kumi na moja. Balbu ya stoo peke yake inakula arobaini. Baba wa watoto watatu alikuwa ameuawa na umeme usiotosha hata kuwasha balbu ile, na aliyemwambia ashike ni mimi.

Kavata alinikuta na karatasi. Hakujua kusoma, lakini aliweka kidole juu ya tarakimu.

"Mwana wa mama, ulikosea wapi?"

Nilipitia mistari yote tena mbele yake. Kugawa kulikuwa sawa. Kuzidisha kulikuwa sawa.

"Hesabu haina makosa," nikasema. "Nilimpima akiwa mkavu."

Kavata alitazama shati la Kiilu lililoning'inia mlangoni. Lilikuwa bado chepechepe, kwa sababu Mbinya alikuwa amekataza lisikamuliwe.