Meza ya Khairiya i Wazi

Watu husema mshika mbili moja humponyoka. Kwa Nasma mambo yalikwenda kichwa chini miguu juu: moja ilimponyoka kwanza, ndipo akashika mbili, na alipoona mikono ingali mitupu akaongeza ya tatu.

Alishika meza. Soko lile la Ngamiani lilikuwa na sharti lililojulikana hata na kuku waliookota punje chini yake: mtu mmoja, meza moja. Jina la mwenyewe lilipakwa rangi nyeupe ubavuni mwa meza, naye mwenye jina ndiye wa kuketi nyuma yake. Meza ikilala bila kufunguliwa, kamati humpa mwingine. Na hao wengine mwaka ule wa themanini na sita walikuwa tele. Serikali ilikuwa imelegeza kamba ya biashara, mji mzima ukataka kuuza. Walimu waliuza, makarani waliuza, nguo za kafa Ulaya, mitumba ya Wazungu, zilimwagwa chini kama uduvi. Sabuni, ambayo juzi tu ilikuwa haionekani, watu wakafulia majani ya mpapai, sasa ilipangwa ikawa minara.

Meza ya Nasma mwenyewe ilikuwa ya sindano, nyuzi na vifungo. Ya pili ilikuwa ya Mwamvua, aliyerudi kwao Maramba kumuuguza baba yake; aliuza hiliki na mdalasini. Ya tatu, ile ya kwanza kushikwa, ilikuwa ya Khairiya. Hiyo iliuza sabuni na mafuta ya nazi.

Msumarini zilitundikwa kanga tatu. Nasma alipovuka kutoka meza hii kwenda ile alibadili kanga, na pamoja na kanga alibadili ulimi. Kwake mwenyewe alipiga kelele, akatania, akapunguza bei kabla hajaombwa. Kwa Mwamvua alikuwa mkavu kama mdalasini wenyewe.

"Nasma, nipunguzie hiliki," Mzee Rahimu, fundi cherehani wa barazani, alimwambia siku moja.

"Nasma yuko meza ile, mzee. Hapa ni kwa Mwamvua, na Mwamvua hapunguzi."

"Basi mwite Nasma aje amwombe Mwamvua."

"Leo hawasemezani."

Soko lilicheka, na Mzee Rahimu akalipa bei ya Mwamvua.

Lakini kwenye meza ya Khairiya hakukuwa na mzaha. Hapo Nasma alishusha sauti. Alimwamkia mteja, akamuulizia wa nyumbani mmoja mmoja, na neno la bei likaja mwisho, kama aibu ndogo. Kisha aliongeza nyongeza: tone la mafuta, kipande cha sabuni. Hivyo ndivyo Khairiya alivyouza. Na sauti ile ya Kipemba, ya kuvuta maneno kama mtu asiye na haraka ya kufika popote, ilipotoka kinywani mwake mwenyewe, Nasma aliisikiliza. Usiku hakuweza kuikumbuka. Ilimjia pale mezani tu, mteja akiwa mbele yake na kanga ikiwa begani. Ndiyo maana hakukosa kufungua hata siku alipokuwa na homa.

Khairiya alikuwa ameondoka miaka mitatu nyuma, wakati wa dhiki, mgambo walipokuwa wakisaka bidhaa za magendo hadi ndani ya mitungi ya maji. Aliacha kanga yake juu ya kigoda. "Nishikie meza, shoga. Naruka mpaka pale Horohoro kutafuta sabuni, narudi kabla ya Ijumaa." Ijumaa ilikuja, na nyingine, na nyingine. Mtu mmoja alisema kamwona Mombasa, kanenepa. Wa pili alisema kaolewa Lamu. Wa tatu alisema yuko Maskati, ana watumishi wawili. Wa nne hakusema kitu, aliangalia chini, na huyo ndiye Nasma aliyemchukia kuliko wote.

Mwanzoni kanga ile ilinuka udi na jasho la Khairiya. Baadaye ikanuka Nasma. Alijaribu kuifukiza udi, ikanuka udi tu. Na kila basi la Horohoro lilipopiga honi likiingia mjini, shingo yake iligeuka yenyewe, mkono ukiendelea kupima mafuta.

Sasa, Khairiya alikuwa na desturi moja. Mtu wa Pemba akinunua kwake, alimfungia kipande cha sabuni pembeni. "Mpelekee mama yangu, Mtambwe." Nasma aliishika desturi hiyo kama alivyoishika meza. Wapemba waliokuja na boti ya Wete walipopita, alikata kipande, hata sabuni ilipokuwa adimu, akakifunga. "Mpelekeeni Bi Thuwaiba, Mtambwe. Kimetoka meza ya Khairiya." Hakuona kwamba amesema uongo. Kilikuwa kimetoka hapo kweli. Nao wasafiri walirudi kwao wakisema walichokiona: meza ya Khairiya i wazi, na sabuni yako hii hapa.

Asubuhi moja Nasma alikuwa ameinama, anapanga vipande vya sabuni, kanga ya Khairiya begani.

"We mwana!" ilisema sauti mgongoni kwake. "Hata kugeuka hugeuki, na mamako nimekuja?"

Sauti ilikuwa ileile, imezeeka tu. Kwa pumzi moja Nasma alitamani asigeuke kamwe, aendelee kuwa ndiye anayeitwa. Kisha akageuka.

Bi kizee alikuwa amesimama na mkoba wa ukili, halua ya Wete ikichungulia ndani yake. Alimtazama Nasma usoni. Akaitazama kanga. Akalitazama jina ubavuni mwa meza. Kisha akarudia usoni, kana kwamba moja kati ya hayo matatu lingemwonea huruma libadilike.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko wapi mwenye nguo?"

"Sijui, mama."

"Yu hai?"

"Sijui."

"Na zile sabuni?"

"Zilitoka mezani kwake."

"Kwa mkono wa nani?"

"Wangu."

Bi Thuwaiba alikaa juu ya kigoda bila kukaribishwa. "Nilijua pana jambo," alisema taratibu. "Sabuni inafika, salamu haifiki. Mwanangu yule hajui kufunga sabuni bila kufunga na maneno. Ila nikajiambia, labda ana kazi nyingi. Kila mwezi nikajiambia hivyo. Sikulia, unasikia? Miaka mitatu sikulia hata siku moja. Kwa ajili yako."

Sabiha alikuwa amesikia yote. Alikuwa mwanamke aliyeachika na watoto, akiuza vitumbua nje ya lango, kwenye tope, na kwa miezi mingi aliomba meza akaambiwa hakuna. Alitupa mwiko, akaenda, akarudi na Mwinyijuma, mwenyekiti wa kamati, pamoja na nusu ya soko.

"Sikusema?" alifoka. "Mvua inaninyeshea mimi na watoto wangu, na mtu asiyekuwepo ana bati! Nasma, hizo kanga tatu ungezivaa zote, bado ungekuwa mwili mmoja!"

Aliyosema Sabiha yalikuwa kweli, na kweli hiyo ilimuuma Nasma kuliko matusi.

Mwinyijuma alijifuta jasho kwa kofia. "Nasma, nilifumba jicho moja, nikafumba na la pili. La tatu sina. Chagua meza moja. Kisha umwombe radhi mama huyu hapa, mbele ya watu. Tumalize, kila mtu akafanye kazi."

"Ya Mwamvua ichukueni," alisema Nasma. "Baba yake amepona, na yeye kanipa habari juzi kuwa hataki tena kusikia hata neno soko."

"Vyema. Na hii?"

Nasma alivuka hadi meza yake. Alikusanya sindano, nyuzi na vifungo ndani ya kanga yake mwenyewe, akafunga fundo, akarudi akaliweka fundo hilo juu ya meza ya sabuni.

"Yangu mpeni Sabiha."

Sabiha, aliyekuja na ulimi wa kukata kamba, alirudi hatua moja nyuma. Mzee Rahimu peke yake ndiye aliyeguna.

"Hapa si jina lako," alisema Mwinyijuma.

"Najua kusoma, mzee."

"Nasma, mwanangu. Mtu huachia jina la mwingine akabaki na lake. Wewe unafanya kinyume."

"Mmesema mtu mmoja, meza moja. Ninayo moja."

Mwinyijuma alimgeukia Bi Thuwaiba, maana mwenye damu ndiye mwenye neno. Bi kizee alikuwa ameushika upindo wa kanga ya Khairiya, ule ulioning'inia begani mwa Nasma, anausugua kwa vidole kama mtu apimaye kitambaa dukani.

"Akae," alisema. "Ila kwanza aniombe radhi." Akainua uso, na sauti yake ikawa ya watu wawili tu. "Niombe, mwanangu. Sina hasira nawe. Ila wewe ndiye uliyekaa karibu na njia aliyopita. Ukiniomba radhi nitajua umekata tamaa. Nitarudi Mtambwe nimsomee hitima. Nilie, nipumzike. Nimechoka kungoja."

Neno lenyewe lilikuwa dogo, jepesi, na Nasma alikuwa ameshalisema mara elfu kwa kumkanyaga mtu mguu. Alimtazama bi kizee huyu ambaye yeye alimnyima machozi kwa vipande vya sabuni. Alijua ana deni kwake. Alifungua kinywa.

Upande wa barabara kuu basi la Horohoro likapiga honi.

Shingo ya Nasma ikageuka. Ilipokuwa ikirudi ilikutana na shingo ya Bi Thuwaiba, nayo inarudi kutoka upande uleule.

Walitazamana. Midomo ya bi kizee ilikuwa wazi kidogo, kama ya mtoto aliyefumaniwa na sukari.

Nasma aliivua kanga ya Khairiya begani, akamfunika nayo mama yake, akauweka sawa upindo. Kisha akaketi nyuma ya meza na kuuvuta mkoba wa ukili karibu.

"Toa hiyo halua, mama, tuipange hapa mbele ya sabuni. Akija aikute." Akamtazama Mwinyijuma, akamtazama Sabiha, akalitazama soko lote. "Na hiyo radhi mnayoingoja, msiingoje. Sikuomba, siombi, na sitaomba."