Lenga-lenga Kando ya Uzio

Mashine ya kutokea ilimlilia baba mkwe wangu jioni, sisi wengine tukiwa tumepanga mstari nyuma yake tunataka kwenda nyumbani.

Mashine yenyewe ni kama fremu ya mlango. Unasimama ndani, unaweka mikono mahali pa mikono na miguu mahali pa miguu. Kama huna kitu, taa ya kijani. Kama umebeba vumbi la pale, inapiga kelele, taa nyekundu inawaka, na hakuna anayepita mpaka jambo lako liishe.

"Arudie," alisema Kyle, mpimaji.

Baba mkwe akarudia. Ikalia tena, tena kwa nguvu zaidi.

"Mzee, umekula betri?" Naeem, dereva wa basi letu, alisema nyuma yangu, na mstari wote ukacheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Pale ni kiwanja cha kiwanda cha zamani kilichokuwa kikisafisha urani, katika mji mdogo kando ya ziwa, mashariki ya Toronto. Kiwanda kilikwisha kufungwa, lakini uchafu wake ulibaki ardhini. Tunauchimba udongo ule, tunaupakia kwenye malori, unapelekwa kwenye shimo kubwa lililotandikwa plastiki nene, halafu unaletwa udongo safi wa kujaza. Mimi nafunika malori kwa turubai. Baba mkwe alikuwa anaosha magurudumu kabla lori halijagusa barabara. Kazi hiyo nilimtafutia mimi, alipochoka kukaa ndani ya fleti akitazama maegesho ya magari. Siku ya kwanza alisikia kwamba madini mengine ya kiwanda kile yalitoka Kongo zamani. Akacheka. "Kumbe tumefuata mali yetu," alisema.

Siku ile hakucheka. Alisimama ndani ya mashine amefunga mikono kifuani.

Shannon akaja. Ni mkubwa wa usalama, mwanamke mpole, anasema taratibu hata anapokufukuza. Alinivuta pembeni.

"Déo, mwambie avue ovaroli hapa. Kisha ataingia chumba cha kuogea, avue nguo zote. Tutampima mwili mzima, tutamwosha. Na wewe uingie umtafsirie, maana hapa hakuna mwingine anayejua lugha yake."

Nikaenda.

"Mkwe, anasema nini huyo mama?"

"Anasema uvue ovaroli, Baba."

"Halafu?"

"Halafu ukaoge."

"Nitaoga kwangu."

"Haiwezekani, Baba. Utabeba vumbi mpaka nyumbani."

"Basi nioge peke yangu."

"Wanataka kukupima kwanza. Kyle atakupima."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Ndani. Nitafsiri."

Aliniangalia kama nimemtukana. "Sivui," akasema.

Kwetu Mwenga, huko Kongo, baba wa mke wako humwoni uchi. Nilipomwoa Libérata, nikimwona baba yake anapanda kutoka mtoni na kitambaa begani, nilikuwa naingia kwenye mihogo ya watu mpaka apite. Ukimwona, hata kwa bahati mbaya, mbuzi wa faini anatoka, wazee wanakaa, na hata baada ya mbuzi hamtazamani tena kama zamani. Mimi shule niliiacha mapema, mambo mengi siyajui, lakini hilo nalijua.

Nilimweleza Shannon hivyo hivyo. Nilidhani atacheka, maana Naeem alikuwa ameshaanza. Hakucheka. Alimwambia Kyle atundike plastiki nyeupe katikati ya chumba kama pazia. Baba mkwe na Kyle wakawa upande wa bomba, mimi na Shannon upande wa mlango, na zaidi ya hayo mimi nikageukia ukuta. Nilijiona nimefanya vizuri. Nimelinda heshima ya mzee.

Nikasikia zipu. Nikasikia kipimo cha Kyle kinadonoa, tik, tik, kisha kikaanza kukimbia kama mvua juu ya bati.

"Shannon," Kyle akaita. "Ana mimea tumboni."

"Ana nini?"

"Mimea. Ameifunga ndani ya shati."

Alipitisha mfuko chini ya pazia. Ndani lilikuwa fungu la lenga-lenga, mchicha wa kwetu, zile zenye majani mapana na shina jekundu chini, zimefungwa kwa unyasi kama wanavyofunga wanawake sokoni. Mizizi ilikuwa imejaa tope.

"Hii ni nini?" Shannon akaniuliza.

"Mboga," nikasema. "Hapa mnaing'oa na kuitupa. Sisi tunaipika."

Nilijua pale pale zilikotoka. Baada ya chakula cha mchana nilikuwa nimemwona baba mkwe anaacha magurudumu na kwenda kwenye uzio wa nyuma, kule ambako bado hatujachimba. Aliinama nyuma ya vichaka. Wiki iliyopita pia alikwenda. Nilidhani anakojoa. Vyoo vya plastiki vya kazini havipendi, anasema ni jeneza lililosimamishwa. Kwa hiyo niligeuza kichwa. Nilifanya zaidi ya kugeuza kichwa: nilisogeza mwili wangu mbele yake ili wengine wasimwone. Ningepiga hatua chache na kuita, "Baba, huko hapana," angerudi. Lakini mkwe haendi kuchungulia baba wa mke wake vichakani.

"Muulize kama ni mara ya kwanza," Shannon alisema.

Nikauliza, uso ukutani.

"Mwambie mara ya kwanza," baba mkwe akajibu.

Nikamwambia. Shannon akashusha pumzi. Kisha sauti ya mzee ikarudi, ya chini, ya mtu anayesema na mtu wake.

"Mkwe."

"Naam, Baba."

"Wiki iliyopita nilichuma nyingine. Ncha tu, bila mizizi. Ile mashine ilinyamaza, nikajua ni safi. Nilimpelekea Inès."

Inès ni binti yangu. Amejifungua juzi juzi tu, mtoto bado hajakaza shingo, na ananyonya.

"Alizila, Baba?"

"Alipika mbele yangu. Mzazi asipokula majani, maziwa atayatoa wapi? Ningeingia kumwona kitukuu changu mikono mitupu?"

"Nilikwambia hapa mtu asile kitu chochote."

"Sikula hapa."

"Baba!"

"Unanipigia kelele?"

"Hapana, Baba."

"Uliniambia udongo mpya umeletwa kutoka shambani. Wewe mwenyewe. Nikaona mboga imeota yenyewe, nzuri, hakuna mwenyewe. Sasa sikiliza. Huyu mama usimwambie habari za Inès. Tutaimaliza nyumbani, sisi kwa sisi. Mimi bado nina uso kwa watoto wangu."

"Anasema nini?" Shannon aliuliza.

"Anaomba maji yasiwe baridi," nikasema.

Shannon akatabasamu. "Mwambie ni ya uvuguvugu."

Maji yakafunguliwa. Kyle alikuwa anamwelekeza kwa sauti ya kumwelekeza mtoto, geuka, inua mkono, na mzee alikuwa anaitika "yes, yes", neno ambalo huwa analitumia asipoelewa. Nilikuwa nimemwokoa. Nilitazama ukuta ule mweupe nikamwona Inès amekaa kwenye kochi, mtoto yuko kifuani anavuta kwa bidii, na mimi nimesimama mbele yao nimegeuza kichwa.

"Shannon," nikasema. "Si mara ya kwanza."

Nikamwambia yote. Nikamwambia binti yangu Inès amekula, na Inès ananyonyesha. Nikamwambia na la uzio, kwamba nilimwona mara mbili nikadhani anakojoa, nikamkinga. Shannon hakunikatiza hata mara moja, na hilo lilikuwa baya kuliko kutukanwa.

"Anaishi wapi?"

"Rexdale. Barabara ya Kipling."

"Nitakwenda mwenyewe. Sasa hivi. Kwa majani machache kama hayo sidhani kuna hatari kubwa, lakini sitakudanganya kwamba najua. Na kesho msije kazini, wewe wala yeye. Tutawapigia."

Upande wa pili maji yalikuwa yamefungwa. Jina la mjukuu wake halihitaji tafsiri.

"Umemwambia," alisema baba mkwe.

"Nimemwambia, Baba."

Matone yalikuwa yanaanguka sakafuni.

"Afadhali ungefungua pazia," akasema.

Nguo zake zilibaki kwenye mfuko uliofungwa. Walimpa suruali na koti jeupe la karatasi, lile tunalovaa tunapoingia shimoni, na suruali ilimwishia juu ya vifundo. Shannon alitupeleka kwa gari lake. Baba mkwe alikaa mbele, mimi nyuma. Nilimtafsiria kutoka nyuma kwamba Shannon atapima nyumba na kuomba mkojo na maziwa; njia ni ndefu, magari yamesongamana mpaka karibu na uwanja wa ndege wa Toronto. Kila alipojigeuza ile karatasi ilikuwa inalia.

Katika ukumbi wa chini wa jengo la Inès tuliwakuta akina mama wa kwaya ya kanisa letu wanatoka mazoezini.

"Eh, Mzee! Umekuwa daktari?" mmoja akasema.

"Daktari gani, huyu amekuja kupaka rangi!" akasema mwingine, wakacheka wote, kicheko cha mapenzi tu. Siku nyingine angewajibu mpaka wakimbie. Ni mzee wa maneno. Lakini aliinamisha kichwa akabonyeza kitufe cha lifti, na akaendelea kukibonyeza ingawa kilikuwa kimeshawaka. Wakaona kipimo mkononi mwa Shannon. Kicheko kikaisha. Mlango wa lifti ulifungwa wakiwa wametukodolea macho, na nilijua kabla hatujafika juu simu zitakuwa zimeshatangulia.

Inès alifungua mlango, mtoto begani. Aliangalia koti la karatasi, akamwangalia Shannon, akaniangalia mimi.

"Nini imetokea, Papa?"

Nilifungua mdomo. Baba mkwe aliweka kiganja mbele ya kifua changu, bila kunigusa.

"Nyamaza. Leo umesema vya kutosha."

Hakuvuka kizingiti. Alisema akiwa amesimama pale koridoni, kwa sauti ile ya kusemea barazani, na jirani wa mbele alikuwa ameshafungua mlango wake kidogo kusikiliza.

"Mjukuu wangu, zile mboga nilizokuletea nilizichuma mahali pachafu. Kule kazini, kwenye udongo wa sumu. Hakuna aliyenituma, na hakuna aliyenipa. Huyu mama amekuja kupima nyumba yako na kukupima wewe na mtoto. Atakuomba mkojo na maziwa, mpe. Atakalokuambia, fanya. Ni mimi nimelileta hili."

Inès anaelewa Kiswahili chote, ila mdomo wake umekulia huku. Alisogea kando Shannon apite, na tukasikia kipimo kinatembea ndani: jikoni, kwenye sufuria, kwenye friza ambamo ulikuwa umebaki mfuko mdogo wa lenga-lenga zilizochemshwa. Tik. Tik. Mlio wa polepole. Sisi wawili tulibaki koridoni, kila mmoja anatazama upande wake wa zulia.

Shannon alirudi mlangoni. Alisema hapati kitu zaidi ya kile ambacho angekipata katika nyumba yoyote. Alisema mfuko ataupeleka maabara pamoja na mkojo na maziwa ya Inès, majibu yatachukua siku kadhaa, na kwamba yeye angekuwa Inès angelala usingizi. Nilimtafsiria baba mkwe kila neno. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za kijiji kingine.

Ndipo Inès akamwuliza kitu kwa Kiingereza, taratibu, akitaka aelewe. Hakuelewa. Alimtazama mdomoni, akangoja, halafu hakuwa na la kufanya ila kunigeukia mimi.

"Anasema nini?"

"Anauliza: Koko, babu yangu, wewe mwenyewe uko salama?"

Alivuta lile koti la karatasi mbele, akalishika pamoja kifuani.

"Mwambie nimeoshwa," akasema.

Nikamwambia. Kwa Kiingereza lilitoka kama jambo dogo, kama mtu aliyetoka kwa kinyozi. Inès alitabasamu kidogo, akatoka hatua moja nje ya mlango, akamtoa mtoto begani na kumnyooshea mzee ampokee.

Baba mkwe alipeleka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

Mtoto akabaki hewani kati yao, miguu inaning'inia, anaanza kukunja uso. Nikampokea mimi. Baba mkwe akageuka, akaelekea kwenye lifti na nguo zake zile zinazolia. Sikujua kama naruhusiwa kumfuata.