Shangazi Kaamka

Ukutani mwa maabara yetu kuna sheria moja, imeandikwa kwa wino mzito: SHANGAZI AKIAMKA, MWAGA VYOTE. Mgeni akiisoma hudhani tumerukwa na akili. Hajakosea sana, lakini sheria yenyewe ina maana.

Ndani ya seli za mwili wako kuna nyuzi nyembamba mno, na kuna protini ambayo kazi yake ni kuzifunga matita matita, kama kuni. Sisi tunamwita mfungaji. Wapo ndugu watatu: mmoja anakaa utumboni, mmoja kwenye chembe nyeupe za damu, wa tatu kajitwalia karibu mwili wote uliobaki. Kila mtu na kwake. Huyu wa damu akikutwa kajaa ndani ya seli za titi, ujue hakuja kusalimia. Mara nyingi ni saratani.

Kazi yangu ni kumsaka huyo wa damu. Nakata nyama iliyogandishwa kwenye nta, vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, navibandika kwenye vioo, navimwagia dawa inayomnasa yeye tu na kung'aa kijani. Kila trei huwa na kioo kimoja cha shahidi, nyama tunayojua ni salama. Shahidi anatakiwa kubaki giza. Akiwaka, dawa ni mbovu na majibu ya siku hiyo ni takataka.

Shahidi wetu ni shangazi yangu, dada wa baba, tumbo moja.

Miaka sita iliyopita alitolewa uvimbe titini. Niliukata mimi mwenyewe, Daktari wetu akatazama vioo vitatu tu, vya vipande vya juu, akasema hauna neno. Kipande kilichobaki nilikiomba.

"Chukua," shangazi alisema. "Angalau sehemu yangu moja ipate ajira."

Tangu hapo, kila Jumanne namparaza kidogo kwa ajili ya kioo cha shahidi. Chini ya hadubini ni giza tupu na vidoa viwili vitatu vya kijani, chembe nyeupe za damu, askari wanaokatiza njia. "Shangazi kalala," tunasema, kazi inaendelea.

Wiki mbili zilizopita aliamka.

"Mwaga," alisema Daktari bila kuinua uso kwenye chai yake.

Jumanne iliyofuata nilifungua chupa mpya ya dawa. Akaamka tena.

"Hukusuuza vizuri wewe. Mwaga."

Leo nimesuuza mpaka vidole vimekunjamana. Saa nne asubuhi nikaingia chumba cha hadubini, nikavuta pazia jeusi. Vioo vya wagonjwa vilikuwa giza, vyote. Nikajikuna kichwa. Dawa mbovu haichagui, huwasha kila kioo.

Nikamweka shangazi.

Hakukuwa na vidoa. Zilikuwa seli nzima nzima, zimebanana bega kwa bega, kijani kibichi, kingo zake zimechomoza vidole vidole kana kwamba zinapapasa kioo zitafute mlango. Nikaondoa jicho. Niliporudisha, ningeapa zimesogea. Nyama iliyokufa miaka sita haisogei, najua.

Nikakichukua kipande chenyewe cha nta. Kimebaki unene wa ukucha. Miaka sita nimekuwa nikimparaza, na sasa nimefika chini, mahali ambapo hakuna jicho lililowahi kufika. Wala tulipofika hatukuangalia. Shahidi hasomwi kama mgonjwa. Anaulizwa tu kama kalala, na akiamka tunamwaga. Mara mbili nilimmwaga kwa mikono yangu.

Simu ikatetemeka mfukoni. Shangazi.

"We kichwa maji, uko wapi?"

"Kazini. Umeamkaje?"

"Nalala basi hata niamke? Wiki ya tatu hii. Jumanne nikijinyoosha kidogo asubuhi, nashtuka. Kama mtu kanimulika taa hapa kifuani."

Nikatazama taa ya hadubini. Nikaizima.

"Na sasa hivi?" nikauliza.

"Sasa hivi imezimika."

Nikaibana simu sikioni.

"Shangazi, pale kwenye kovu..."

"Kuna kitu. Kama punje ya hindi. Sikutaka kukusumbua, na maneno yako yalivyo mengi."

Nje ya pazia Daktari akagonga. "Vipi humo, kalala?"

"Kaamka," nikamjibu.

"Basi mwaga, tuendelee."

"Simwagi!" Nikarudi kwenye simu. "Shangazi, vaa viatu uje. Leo hii."

"Nije mara ngapi? Niko hapa kwenye benchi lenu la mapokezi tangu saa tatu. Nilidhani ni wewe uliyeniita."

Nikafungua pazia. Daktari alikuwa kasimama na kikombe chake. Nikaiwasha ile taa, kioo bado kiko mahali pake.

"Msome," nikamwambia. "Usimuulize kama kalala. Msome kama mgonjwa."

Aliinama. Chai ikapoa mkononi mwake. Alipoinua uso, hakuwa na utani hata chembe.

"Yuko wapi huyu?"

"Kwenye benchi."

"Mwite aingie," akasema. "Na hiyo sheria ukutani, ifute kwanza, asije akaisoma."