Sura Nzuri ya Kupona

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni wazi wahenga hao hawakuwahi kulazwa wodi namba tatu, maana huko mgeni akitangazwa, mwenyeji ndiye wa kwanza kuondolewa.

Asubuhi hiyo waziri alikuwa anakuja. Shuka mpya zilitoka stoo, na wagonjwa wenye hali mbaya wakaingia stoo badala yake. Bibi mmoja aliyekuwa akihema kwa shida alikalishwa humo kwenye benchi, kati ya ndoo na mafagio. Muuguzi wa zamu alipinga. Mganga mkuu akamvuta pembeni.

"Nusu saa tu, dada. Wiki ijayo unapanda cheo, usijiharibie."

Cheo hicho alikuwa amekisubiri miaka kumi na minane. Alimeza maneno yake, akampelekea bibi mto, na kila baada ya dakika chache akawa anakwenda kumchungulia.

Binti wa muuguzi huyo alifika katikati ya vurumai hiyo, kamletea miwani aliyoisahau nyumbani. Mkobani alikuwa na fomu ya chuo ambayo mama alikwisha kuitolea hukumu: uhasibu. "Uuguzi labda mkishanizika," ndivyo alivyosema. Binti hakubisha. Tangu utotoni, uuguzi alioujua yeye ni miguu ya mama iliyovimba, ndani ya beseni la maji ya chumvi.

Mganga mkuu alipomwona, uso ulimchanua. Vitanda safi vilikuwa vimebaki vitupu mno.

"Wewe binti! Una sura nzuri ya kupona. Panda hapo!"

Mama alikuwa stoo kwa bibi. Aliporudi, mwanawe alikwisha kuvikwa gauni la wodi, kafunikwa hadi kifuani, kafundishwa maneno mawili ya kusema: nahudumiwa vizuri. Kutoka pale kitandani binti alisikia kikohozi cha bibi kikizidi, na kila kikohozi kilipomfikia mama, binti aliiona shingo ya mama ikikakamaa.

Waziri akaingia na wapiga picha wake.

"Hujambo, binti? Wanakuhudumia vizuri?"

"Shikamoo, mheshimiwa. Mimi siumwi. Mwenye kitanda yuko stoo, hawezi kuhema."

Mganga mkuu alicheka kama mtu aliyekalia mwiba. "Homa hiyo, mheshimiwa. Anaweweseka, maskini."

Waziri akamgeukia muuguzi. "Ana homa?"

Mama akasogea. Akisema ndiyo, cheo ni chake. Akamwekea binti kiganja kwenye paji la uso, na kiganja kilikuwa kinatetemeka. Hakuna mwingine aliyejua. Binti alimwonea huruma mno, akajuta kufumbua mdomo.

"Hana homa," mama alisema. "Huyu ni mwanangu, mzima wa afya. Mgonjwa yuko stoo, na kitanda hiki anakihitaji sasa hivi."

Binti aliruka chini. Bibi akaletwa, akawekewa oksijeni, na waziri akapigwa picha kashika mkono wake kana kwamba ni mama yake mzazi. Kesho yake magazeti yalimsifu waziri kwa jicho lake kali. Mama naye alipewa barua ya onyo kwa kosa la kulaza ndugu bila kibali, na cheo kikaenda kwa muuguzi mwenzake aliyekuwa mlangoni na maua ya kumpokea waziri.

Jioni hiyo, mama akiwa na miguu ndani ya beseni, binti alimpa fomu. Mama alivaa miwani akaisoma, kisha akairudia.

"Nilisema uhasibu."

"Mkono wako ulikuwa unatetemeka, mama."

"Niliogopa. Nikuambie nini?"

"Lakini ulisema."

Mama alitoa miguu kwenye maji yaliyokwisha kupoa. Kisha akaomba kalamu, akatia sahihi penye nafasi ya mzazi.

"Viatu usichukue vya kubana," alisema. "Utasimama sana."